UCHAMBUZI: Mianya ya sheria inayomfungia nje mtoto mlemavu

RAIS William Ruto alipotia saini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mnamo Mei 2025, alifunga ukurasa wa sheria ya 2003 iliyodumu zaidi ya miongo miwili. Hata hivyo, historia ya elimu maalumu nchini yadhihirisha kwamba Kenya haijawahi kupungukiwa na maandishi mema.

Kazi ilianzia makanisani. Shule ya Wasioona ya Thika iliasisiwa na Jeshi la Wokovu mnamo 1946. Shule za viziwi za Mumias na Nyang'oma zikafuata mnamo 1961. Mtoto alipata mahali pa kusoma, lakini ilimlazimu kukulia bwenini, mbali na wazazi na majirani. Urithi huo ungalipo: mtoto asiyeona afikapo umri wa kwenda shule, jamaa huuliza apelekwe wapi, si shule ya jirani itambadilikia vipi.

Tume ya Ominde ilikuwa imeliona hilo mapema. Mnamo 1964 ilipendekeza watoto wenye ulemavu usio mkubwa wasome katika shule za kawaida, na walimu waandaliwe kuwahudumia. Taasisi ya Elimu Maalumu (KISE) iliundwa mnamo 1986, miaka 22 baadaye.

Kisha zikaja sheria, kila moja na "iwapo" yake. Kifungu cha 18 cha sheria ya 2003 kilikataza shule kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu pekee, iwapo ana uwezo wa kujifunza vya kutosha katika kozi hiyo. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 54, nayo yampa haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii, kwa kiwango kinachoafiki maslahi yake. Ni nani huamua uwezo huo au maslahi hayo? Mara nyingi ni mwalimu mkuu. Katika enzi za kuorodhesha shule kwa alama za KCPE, hakuwa na sababu kubwa ya kumpokea mtoto ambaye alihofia angeshusha wastani wa darasa. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza 2003 kwa mgao wa Sh1,020 kwa kila mwanafunzi, madarasa yalifurika, na fedha hizo hazingeweza kujenga hata njia ya kiti cha magurudumu.

Kisa cha viziwi ndicho kinachosikitisha zaidi. Kwa miaka mingi walishurutishwa kusoma midomo na kutamka maneno wasiyoyasikia, huku ishara zao zikitazamwa kwa jicho la shaka. Mradi wa utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mnamo 1991. Leo Katiba inaitambua kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mbunge anaruhusiwa kuitumia kujadili bajeti. Mtoto kiziwi katika shule ya kawaida mashinani ana bahati akimpata mwalimu mmoja anayeifahamu.

Suala la idadi nalo halina budi kuangaliwa. Utafiti wa kitaifa wa 2008 ulikadiria kwamba asilimia 4.6 ya Wakenya wana ulemavu. Sensa ya 2019 ilipata asilimia 2.2 miongoni mwa wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Haielekei kwamba ulemavu ulipungua kwa nusu. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza na kuhesabu. Lakini Wizara ya Fedha hupanga bajeti kwa takwimu, na mtoto huingia katika takwimu za elimu maalumu baada ya kupimwa katika vituo vya tathmini vilivyoanzishwa 1984 kwa msaada wa Denmark. Kwa mzazi wa Turkana au Tana River, safari ya kufika kituoni huenda ikagharimu zaidi ya mapato yake ya wiki nzima, kabla hata ya kuulizia karo ya bweni.