Mbwa Mnene Naye Ana Minyoo

Hapa Kisangani, kuanzia Makiso hadi Lubunga ng'ambo ya mto, ukitaja minyoo ya mbwa watu wanakuonyesha yule koko aliyekonda anayezurura sokoni. Wa kwao kwenye parseli, aliyeshiba ugali na mifupa ya samaki, manyoya yanang'aa, wanaapa kuwa ni mzima. Si kweli, na wanaoumia ni watoto wetu.

Mnyoo wenyewe ni toksokara. Mbwa jike aliyenona hubeba mabuu yake yakiwa yamelala mwilini, asikonde wala asikohoe. Akishika mimba yanaamka, yanapita kwenye kondo la nyuma na kuwaingia watoto wangali tumboni. Mengine yanafuata kwenye maziwa. Kitoto cha mbwa ambacho mwanao anakibusu puani, hata miezi miwili hakijatimiza, huwa tayari kinamwaga mayai kwa maelfu. Lile tumbo la duara tunalolisifia shibe mara nyingi ni minyoo.

Wengine wanajitetea kwamba mavi yakishakauka hayana neno. Hapo ndipo hatari inapoanza! Yai likitoka haliambukizi. Linahitaji kama wiki mbili au zaidi ardhini ili buu likomae ndani yake. Mvua inayasambaza mavi, hakuna anayeyaona tena, mayai yanabaki. Joto na unyevu wa huku kwetu vinayafaa, na yanaweza kudumu miezi, hata miaka. Mtoto anachezea udongo uleule, anapewa kipande cha muhogo, anakula bila kunawa.

Ndani ya mtu buu halikui likawa mnyoo wa kutaga. Linatangatanga kwenye ini, kwenye mapafu, wakati mwingine linaingia jichoni na kulipofusha. Kwa hiyo kipimo cha choo hakionyeshi kitu, na mzazi anarudi nyumbani ametulia. Mwaka 1950, huko Marekani, Helenor Wilder alieleza uchunguzi wa macho 46 yaliyong'olewa, mengi ya watoto waliodhaniwa kuwa na saratani. Katika 24 alikuta mabuu ya minyoo au mabaki yake.

Sisemi mbwa wafukuzwe, wala wa sokoni wapigwe mawe. Kitoto kipewe dawa ya minyoo kikifika wiki mbili, kirudiwe kila baada ya wiki mbili hadi kiache kunyonya, na mama yake atibiwe pamoja nacho. Mavi yazolewe kila siku, mayai hayajakomaa. Aliyepata pesa ya kununua mbwa wa kulinda parseli asiniambie amekosa ya vidonge.