SANDUKU LA BETRI NA JENERETA

Msimu wa ufuta uliopita tulikuwa Chinongwe, wilaya ya Ruangwa, kwa shughuli zetu za biashara, na huko tuliona jambo ambalo ni wajibu wetu kulifikisha kwa wanachama wa visiwani, khasa viongozi wa matawi ambao hivi sasa wanachanga fedha za kununua vyombo vya afisi.

Mikoa ile ya Lindi na Mtwara kwa miaka mingi ililishwa umeme na mitambo ya gesi ya Mnazi Bay, mbali na gridi ya taifa, na wenyeji wamelizoea giza. Katika ghala moja umeme ulikatika wakulima wakiwa wamepanga mstari na magunia yao. Karani hakushtuka. Kompyuta yake ilikuwa imeungwa na sanduku la betri, lile lijulikanalo madukani kwa jina la UPS, na nje palikuwa na jenereta ndogo ya petroli. Kijana akavuta kamba, jenereta ikanguruma, taa zikawaka. Walakin sanduku likaendelea kulia, na baada ya muda wa dakika kumi hivi kompyuta ikazimika, ilhali jenereta ingali inanguruma na taa zinawaka! Uzani wa watu kadhaa ulikuwa haujahifadhiwa, na magunia yao yamekwisha kuchanganywa na mengine. Mzee mmoja alisema kilo 87. Karani alikumbuka 78. Ikaandikwa 78.

Karani aliilaani betri, mwenye ghala akailaani jenereta. Sisi, ambao duka letu limewahi kupatwa na msiba huo huo, twasema huenda katika viwili hivyo hapakuwa na kibovu hata kimoja.

Umeme wa kwetu huja kwa volti 230 na mapigo 50 kwa kila sekunde, ndiyo waitayo hezi 50. Sanduku la betri ni mfano wa bawabu: likiona umeme uingiao umetoka nje ya mipaka, huufungia mlango na kutumia akiba yake. Ama jenereta ndogo, mapigo yake hufuata mwendo wa injini. Ikiwa haina mzigo hukimbia hata ikafika 52 au zaidi; friji ikijiwasha injini huelemewa, mapigo yakashuka, gavana ikaongeza mafuta, yakapanda tena. Bawabu hufungua, hufunga, hufungua, hufunga. Betri kila mara inatoa na haipati nafasi ya kushiba, hata ikakauka. Na taa hazijali, ndiyo maana mtu hudhani umeme ni mzima.

Wako wadhanio kuwa dawa ni kununua sanduku kubwa zaidi. Huko ni kuzidisha ugonjwa, kwani sanduku kubwa hudai umeme mwingi zaidi wa kujijaza kutoka kwa jenereta ile ile dhaifu. Jenereta ndiyo iwe kubwa: fundi mwenye hadhari huipa uwezo usiopungua mara mbili ya sanduku, na friji na pampu zisiungwe pamoja nalo. Gavana irekebishwe jenereta ikiwa na mzigo, si ikiwa tupu. Masanduku mengi yana mahali pa kupunguza wepesi wake wa kushtuka. Ipunguzwe kwa kiasi tu, maana bawabu asiyekataa kitu si bawabu. Ziko pia jenereta za inveta, ghali kidogo, ambazo umeme wake umetulia.

Haya si ya bara pekee. Unguja ililala gizani kiasi cha mwezi mmoja, Mei hadi Juni 2008, na tena miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa kuwa kisiwa kizima kilitegemea waya mmoja wa baharini uliolazwa mwaka 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Ilikuwa 2013 ndipo waya mpya wa megawati 100 ukazinduliwa. Tangu misiba ile jenereta zilijaa barazani mwa maduka, na kila mtu alinunua aliyoiweza. Hizo hizo leo ndizo zinazotolewa kwa matawi, sadaka ya wenye maduka, tukiwamo sisi. Jee, daftari la wanachama tutaliwekea dhamana hiyo? Na usiku wa kura, hesabu za mawakala wetu?

Kwa hivyo twawaomba makatibu, kabla ya fedha kulipwa, wamtake muuzaji aunge sanduku, jenereta na kompyuta mbele ya macho yao, azime umeme wa dukani, na vyote viendeshwe nusu saa. Akikataa, fedha zirudi kwa mtunza hazina. Na tawi ambalo limekwisha nunua lifanye jaribio hilo Ijumaa hii baada ya sala, kompyuta ikiwa haina kazi ya mtu ndani yake.