Rudisheni Matete ya Ngerengere

Morogoro tunajua kumtuma kiumbe hai akasafishe uchafu wa binadamu. Magawa, panya buku aliyezaliwa hapa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na kufundishwa na shirika la APOPO, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akanusa mabomu ya ardhini na mabaki ya silaha zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamtunuku medali ya dhahabu. Tulishangilia, na tulistahili. Lakini ardhi ya Wakambodia tumesaidia kuisafisha, na Mto Ngerengere unaopita mlangoni petu tumeuacha unanuka!

Mto huu hushuka kutoka Uluguru ukiwa maji ya kunywa. Huingia Bwawa la Mindu, hupita kando ya mji ukipokea majitaka ya majumba na viwanda, kisha humwagika Ruvu. Na Ruvu ndiyo inayonywesha Dar es Salaam. Anayefungulia bomba lake mtoni usiku hapa Morogoro anawapelekea mzigo watu wa Kibaha na Kinondoni.

Kingo za mto huo zina wafanyakazi wasiodai mshahara: matete na mafunjo. Nasi tunawafyeka na kuwachoma moto kama magugu. Anayefyeka tete hajui anakata nini. Hewa hushuka ndani ya shina lake hadi mizizini, na huko mizizini bakteria wamejazana wakila uozo tunaoumwaga. Mashina hupunguza kasi ya maji, tope likatua. Nitrojeni na fosforasi, chakula cha gugumaji, hufyonzwa na mmea. Kazi yote hiyo hufanyika bila pampu, bila umeme, bila dawa ya kuagiza nje.

Asiniambie mtu kwamba hili ni jambo la Wazungu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Jamidu Katima, wamelifanyia kazi kwa miaka mingi. Vitalu vya matete vya kuchujia majitaka vimejengwa Moshi na Iringa. Elimu ipo nchini, imeandikwa na Watanzania, kwa mimea ya Tanzania. Kilichokosekana ni aibu ya wanaochafua na ukali wa wanaosimamia.

Mwenye kiwanda naye asije akajificha nyuma ya matete haya. Bakteria hula uozo, hawali metali. Kromiamu ya kusindikia ngozi haipotei: hubaki kwenye tope na mizizi, na mmea ukioza pale pale, sehemu yake hurudi majini. Madini hayo yakamatwe ndani ya uzio wa kiwanda, kwa gharama ya kiwanda, na kinachobaki ndicho kipite kwenye bwawa la majitaka na kitalu cha matete kabla ya kugusa mto. Na matete ya kitalu hicho yavunwe kwa uangalizi, wala yasilishwe ng'ombe.

Sheria tunayo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tembea Ngerengere uone: matuta ya mchicha yanagusa maji. Simlaumu mama wa mchicha kwanza. Yeye anatafuta ada ya mtoto, na ndiye anayemwagilia kwa maji yale yale machafu. Aajiriwe yeye kuotesha na kutunza matete, maana anaujua udongo ule kuliko ofisa yeyote.

Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ina ofisi hapa hapa Morogoro. Itoke na kamba ya kupimia, ianzie chini ya Mindu, ipige vigingi mita 60 kila upande. Vipande vya mizizi ya matete hushika upesi kwenye tope la masika. Masika haya, si yajayo.