Tusifiche Kuanguka



Majira ya baridi yaliyopita tuliteleza bafuni, mguu mmoja tumeuinua juu ya sinki kwa udhu wa alfajiri. Hatukuvunjika, alhamdulillah, lakini tulificha, tukichelea watoto wasije wakatukataza kutoka. Kumbe tulijikataza wenyewe: msikitini hatwendi, dukani hatwendi, kutwa tu kitini. Baada ya miezi miwili tukawa twayumba hata juu ya zulia la ukumbini. Daktari akatufahamisha kwamba hofu ndiyo iliyotudhoofisha: mguu usiotumiwa hupungua nguvu, na mguu usio na nguvu huangusha.

Jambo hili si dogo. Takwimu za afya za Canada zaonyesha kwamba katika kila wazee 100 wenye miaka 65 na zaidi, kati ya 20 na 30 huanguka kila mwaka. Na katika kila nyonga 100 za wazee zinazovunjika, 95 huvunjwa na kuanguka.

Basi tutie udhu tumeketi kwenye kiti imara, kopo la maji karibu. Bafuni tuweke mkeka wa mpira na vyuma vya kushikia. Kile cha kutundikia taulo hakimbebi mtu. Taa iwake usiku baina ya kitanda na choo. Dawa zetu za presha na za usingizi tumwonyeshe daktari, kwani baadhi huleta kizunguzungu. Viatu navyo tusivichague kwa sura: mwaka 2016 watafiti wa Toronto Rehab, hapa mjini, walitangaza kwamba katika aina 98 za viatu vya baridi walizozipima juu ya barafu, ni chache tu zilizofaulu.

Kisha tuuzoeze mwili. Tusimame kwa mguu mmoja tukishika kaunta ya jikoni; tuinuke kitini mara kumi, taratibu. Ontario hugharamia madarasa ya mazoezi ya kuzuia kuanguka kwa waliotimiza miaka 65. Asiyeweza kusimama katika swala ameruhusiwa kukaa, wala si aibu. Ila anayeweza asikae kwa hofu tu.

Nanyi vijana, mzee akikwambieni ameanguka, msimfungie ndani. Mshikeni mkono, mtoke naye. Ndipo na mara ya pili atakapowaambia.

Wabillahi tawfiq.