Usafirishaji wa bure una mlipaji

Makampuni makubwa yauzayo bidhaa kwa njia ya intaneti yamewazoesha wateja kuamini kwamba mzigo waweza kufika mlangoni bila gharama. Imani hiyo ni ghilba. Gari limetumia mafuta na dereva ametoka jasho. Gharama hizo huingizwa katika bei ya bidhaa, au katika ada ya uanachama. Amazon ilipoanzisha mpango wake wa Prime huko Marekani mwaka 2005, ada ilikuwa dola 79 kwa mwaka. Mwaka 2022 ilipandishwa hadi dola 139.

Anayeumia zaidi ni mwenye duka dogo, kwani mteja aliyekwisha kuzoea "bure" humwona yeye kuwa ndiye mnyonyaji. Ufaransa imelikabili jambo hilo katika biashara ya vitabu. Sheria ya mwaka 1981 iliweka bei moja ya kitabu kipya nchini kote, punguzo lisizidi asilimia 5. Mwaka 2014 Bunge likapiga marufuku kupeleka vitabu bure. Amazon ikajibu kwa kutoza senti moja ya yuro! Huo ulikuwa mzaha mtupu. Ndipo ilipowekwa kanuni kwamba, tangu Oktoba 2023, agizo la vitabu lisilofikia yuro 35 litozwe yuro 3 kwa uchache.

Amazon ilidai kwamba wakazi wa vijijini wataumia, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, mnunuzi anayekwenda kuchukua kitabu chake katika duka la vitabu halazimiki kulipa ada hiyo.