Uzi wa Mtoto Ununuliwe Kabla Hajazaliwa

Huku kwetu nyanda za juu kusini, mwezi wa sita ukiingia kila mtu anatafuta sweta. Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, sisi akina mama wanne hupanda basi dogo asubuhi na kwenda Njombe mjini kununua uzi wa kufuma. Wawili ni wauguzi, mmoja ni mwalimu mstaafu, na wa nne ni mkulima wa viazi ambaye ndiye hodari wetu. Hufuma huku akizungumza na wala haangalii sindano. Tukifika dukani tunashikashika kila donge mpaka mwenye duka anachoka na sisi. Siku hiyo naipenda. Lakini leo sitaki kusifu starehe zetu, nataka kusema jambo ambalo limekuwa likinisumbua wodini kwa miaka mingi.

Wengi wetu tunanunua uzi kwanza, halafu tunafikiri tutafuma nini, na mtoto anafikiriwa mwisho. Mwalimu wetu mwaka jana alichagua uzi mweupe wenye manyoya marefu, mzuri kama pamba iliyochambuliwa, akitaka kufuma shali ya ubatizo wa mjukuu. Mkulima wetu akamwuliza, "Mwalimu, unamfumia mtoto au unafumia picha?" Tulicheka, lakini mimi niliunga mkono swali lile. Manyoya yale hung'oka, mtoto huyashika na kuyapeleka mdomoni na puani. Tena shali ya ubatizo huvaliwa siku moja na kuwekwa sandukuni, na usiku ule ule mtoto analala bila kofia.

Mtoto mchanga hupoteza joto haraka, hasa kichwani, maana kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili. Joto lake la kawaida ni kati ya 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo, mtoto huanza kutumia nguvu zake kujipasha moto badala ya kunyonya na kukua, na kwa mtoto njiti hali hiyo inaweza kumwua. Huna haja ya kipima joto ili kugundua. Shika nyayo zake kisha shika tumbo: nyayo zikiwa baridi na tumbo lina joto, baridi imeanza kumwingia. Tumbo nalo likiwa baridi, mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mfunike, na uende hospitali bila kungoja kesho.

Hapo sindano zetu zisijivune. Kofia ni msaidizi tu. Dawa kubwa ya baridi ni kifua cha mama. Njia hii ya kumbeba njiti kifuani kama kangaroo ilianzishwa Bogotá, nchini Colombia, mwaka 1978 na Dk. Edgar Rey Sanabria, kwa sababu mashine za kuwapasha watoto joto hazikutosha. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2021, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha kwamba watoto wenye uzito wa kilo 1 hadi karibu kilo 1.8 wakiwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungojea hali yao itulie kwanza, vifo hupungua kwa robo. Mtoto wa kangaroo huvaa nini? Nepi, soksi na kofia, basi. Kofia ndiyo kazi yetu.

Sasa nieleze kisa. Kuna mama aliletwa wodini kwetu usiku, mimba ikiwa ya majuma 32. Kikapu chake kilikuwa na khanga mbili na chupa ya chai. Mtoto alizaliwa na kilo 1 na nusu. Tulipouliza nguo, mama mkwe alijibu kwa sauti ya chini kwamba kwao hawanunui nguo za mtoto ambaye bado hajaonekana, wasije wakamtabiria mabaya. Tulimpa kofia kutoka katika droo yetu, akawekwa kifuani kwa mama yake, na baada ya majuma matatu alitoka akiwa na kilo 1 na gramu 900. Usiku ule droo ilikuwa na kofia mbili tu. Kungezaliwa watoto watatu sijui tungefanya nini.

Mimi simcheki mama mkwe yule. Hofu ile imezaliwa na makaburi madogo ambayo wazee wetu waliyachimba. Lakini naona tumeigeuza hofu kuwa sababu ya kumpokea mtoto kwa khanga iliyolowa. Basi wenzangu na mimi tumepata njia. Kama unaogopa kumfumia mtoto wako kabla hajazaliwa, usimfumie, ifumie wodi. Leta kofia mbili unapokuja kliniki ya wajawazito, tuziweke droo moja na nyingine, na siku yako ikifika utachukua kofia ya wodi, ambayo si ya mtoto wako wala si ya mtu yeyote. Mama wakwe wawili tayari wamekubali hesabu hiyo. Mmoja alileta tano.

Na uzi gani? Kwa kofia za wodi mimi nachagua uzi laini wa kiwandani, akriliki, au wa pamba. Unafuliwa mara nyingi na hauharibiki upesi. Sufu halisi ya kondoo ina joto zuri, lakini ukiifua kwa maji ya moto inajikunja mpaka kofia inamtosha mwanasesere, na ngozi nyingine hazivumilii mwasho wake. Ukitaka kujua umenunua nini, choma kipande kidogo cha uzi juu ya sahani. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu. Akriliki huyeyuka na kuwa gumba jeusi gumu. Jaribio hilo likufundishe na jambo lingine: sweta la akriliki likishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Mtoto aliyevaa hivyo asikae karibu na jiko la mkaa. Na jiko la mkaa lisilale chumbani kabisa, kwa sababu ya ile hewa yake yenye sumu ambayo haina harufu.

Asiye na fedha afumue sweta la mitumba. Si aibu, hata mimi nafanya. Zungushia uzi kwenye migongo ya viti viwili, ufunge sehemu nne usijitatize, uufue kwa sabuni, kisha uuanike huku umeufungia kitu kizito kwa chini ili unyooke.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi, kichwa ni sentimita 35 hivi. Kwa sindano namba 8 mimi naanza na vitanzi 72. Kwa njiti wa kilo 1 na nusu vitanzi 56. (Sindano za siku hizi zimeandikwa milimita 4. Ni ile ile namba 8 ya zamani, msibishane na mwenye duka kama tulivyofanya sisi.) Donge la gramu 50 hutoa kofia mbili. Ifunike masikio, isiwe na kamba za kufunga shingoni, wala vifungo, wala shanga.

La soksi nalisema kwa uchungu kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilimfumia mtoto wa mpwa wangu soksi nzuri, lakini kwa ndani niliacha uzi haujafichwa. Mtoto alilia usiku kucha, mama yake akidhani ni chango. Asubuhi nilipomvua soksi nilikuta uzi umezunguka kidole cha mguu, kidole kimevimba na kuwa chekundu cha kuelekea bluu. Niliukata kwa mkasi mdogo, mikono ikitetemeka, mimi muuguzi wa miaka yote hiyo. Kidole kilipona. Kingekaa hivyo saa nyingi zaidi kingeweza kupotea. Tangu siku ile nageuza kila soksi ndani nje kabla ya kuitoa, na nawaomba akina mama: mtoto akilia bila sababu mnayoijua, mvueni soksi na glavu mtazame vidole.

Wasomaji walioko Dar es Salaam na Tanga, haya ya baridi yasiwapotoshe. Nimekwisha kuona mtoto wa miezi mitatu ndani ya daladala mchana amevaa sweta, kofia na shali, jasho linamtiririka. Huyo anaungua. Mtoto aliyetimia mimba, akiwa na afya, katika chumba chenye joto hana haja ya kofia baada ya siku zake za kwanza, na kofia inaweza kumshukia usoni akiwa usingizini. Mwenye homa naye apunguzwe nguo na aletwe hospitali.

Baba wa familia wanaosoma ukurasa huu wasidhani hayawahusu. Bei ya madonge mawili ya uzi haizidi mfuko wa mtu anayekunywa soda kila jioni, na kufuma hawakatazwi.

Jumamosi ijayo tunakwenda tena. Droo ina kofia kumi na moja, tunataka ziwe arobaini kabla ya mwezi wa saba. Mwalimu wetu ameahidi kuacha uzi wa manyoya na kuja na miwani yake.