BIBI SHAMBA ANAKUAMBIA: Vidonge pekee havijengi mfupa



Mwezi huu sisemi juu ya mpunga wala miwa. Nasema juu ya afya ya akina mama waliokoma kupata hedhi.

Siku ya gulio, mama mmoja wa Madizini alinionyesha chupa ya vidonge. Mchuuzi alimwambia, "Hivi ni vya mifupa. Meza tu, hutavunjika." Mama alikuwa ameuza kuku wawili ili apate fedha ya chupa ile. Akaniuliza, "Bibi Shamba, nimefanya vema?"

Jibu langu lilikuwa refu. Nakuandikia na wewe.

Hedhi ikikoma, mwili unakuwaje?

Wanawake wengi hukoma hedhi wakiwa na umri wa miaka 45 hadi 55. Huu si ugonjwa. Lakini mwili wa mwanamke una kitu kiitwacho estrojeni. Estrojeni hulinda mifupa. Hedhi ikikoma, estrojeni hupungua sana. Mifupa nayo huanza kupoteza madini yake, na katika miaka ya kwanza hupoteza upesi.

Mfupa huwa kama mti ulioliwa na mchwa. Nje ni mzima, ndani ni mtupu. Hauumi. Mama hajui lolote mpaka siku anapoteleza kwenye ukingo wa jaruba na kuvunjika nyonga. Wengi waliovunjika nyonga hawatembei tena kama zamani.

Je, vidonge vinatosha?

Huko Marekani, wataalamu waliwafuata wanawake zaidi ya 36,000 waliokoma hedhi. Nusu yao walipewa vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Nusu walipewa vidonge visivyo na kitu. Walifuatwa kwa miaka 7 hivi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006. Mifupa ya nyonga ya waliopewa dawa iliimarika kidogo tu. Haikuonekana wazi kuwa dawa ilizuia nyonga kuvunjika. Tena, waliopata mawe ya figo waliongezeka kidogo.

Vidonge si vibaya. Daktari akikupima na kukuandikia, meza. Lakini usinunue chupa gulioni kwa kusikia maneno.

Wewe ni mkulima. Unajua kuwa mbolea bila palizi haikupi mavuno. Mfupa nao unataka vitu viwili: chakula na mazoezi.

Chakula

1. Kula dagaa wazima, pamoja na mifupa yao. Wana kalsiamu nyingi.
2. Kunywa maziwa au mtindi ukipata. Maziwa yachemshwe kwanza.
3. Kula majani ya mlonge. Mchicha ni mzuri pia, ila kalsiamu yake mwili huipata kidogo.
4. Kula maharage, kunde na mayai. Hivi hujenga misuli inayoshika mifupa.
5. Toka nje. Jua likipiga ngozi, mwili hutengeneza vitamini D.

Mazoezi

Utasema, "Bibi Shamba, mimi nalima na kuchota maji. Mazoezi ya nini tena?" Kweli, kazi hizo husaidia. Lakini jembe hutuinamisha mgongo. Halitufundishi kusimama imara. Kisha mama akizeeka, watoto humwambia, "Mama, kaa, pumzika." Wanamheshimu. Lakini akikaa mchana kutwa, miguu hulegea, naye huanguka upesi.

Fanya haya siku 3 kwa wiki:

1. Kaa kwenye kiti. Simama bila kushika kitu. Kaa tena. Fanya mara 10.
2. Shika mwimo wa mlango. Inua visigino, simama kwa vidole. Fanya mara 10.
3. Shika mwimo. Simama kwa mguu mmoja, hesabu mpaka 10. Badili mguu.
4. Chukua madumu mawili, kila moja na maji lita 2. Shika moja kila mkono. Tembea hatua 20, mgongo wima. Ukizoea, ongeza maji kidogo kidogo.

Ukisikia maumivu makali, acha. Kama uliwahi kuvunjika mfupa, au mgongo umeanza kupinda, mwone daktari kwanza. Usibebe mzigo mzito kichwani.

Jambo moja kubwa: kama umekaa mwaka mzima bila hedhi, kisha damu ikarudi, hata kidogo, nenda hospitali upesi. Inaweza kuwa dalili ya saratani. Usione haya, wala usingoje.

Akina baba nanyi mnisikie. Mama akiomba fedha ya dagaa, mpeni. Njia ya kwenda chooni isawazishwe, isiwe na utelezi. Bibi apewe kazi nyepesi za kumsimamisha na kumtembeza.

Mama yule wa Madizini nilimwambia aipeleke chupa yake zahanati ikaangaliwe. Kisha nikamwambia, "Kuku waliobaki usiwauze kununua chupa nyingine. Kula mayai yao."

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mifupa ya mama hupungua nguvu hedhi ikikoma?
2. Katika kijiji chetu, nani aliwahi kuanguka na kuvunjika? Kipi kingemsaidia?
3. Ni zoezi gani tutaanza nalo leo, sote pamoja?

Tukutane mwezi ujao.

Bibi Shamba, Turiani